Sabuni Uliyoniachia Jikoni

Dada Spesi,

Sijui barua hii itakukuta kambi gani, au kama ulisharudi kwenu Burundi. Naandika tu. Asha wangu ameolewa mbali, nyumba imenizidi ukubwa, na upweke umenishinda.

Unakumbuka ulivyofika hapa Kasingirima? Kitenge kimoja na sufuria lisilo na mfuniko. Majirani walininong'oneza kwamba nimejiletea njaa ndani. Nisikufiche, wiki ile ya kwanza hata mimi nilikuwa nachungulia debe la unga kila ukitoka jikoni. Kisha ukaniona nikimwaga mashapo ya mawese, ukashika kichwa.

"Ayii, dada! Unamwaga sabuni?"

Ulichoma maganda ya ndizi, ukachuja maji ya majivu yake, ukayachemsha na mashapo yale. Tulifunga matonge meusi kwenye majani ya mgomba, tukayapeleka sokoni Ujiji. Adhuhuri haijafika, yameisha. Mwaka ule nilitoa nyasi nikaezeka bati, Asha akarudi shule, na wale wale walioninong'oneza wakaja na vyungu vyao uwafundishe. Uliwafundisha wote.

Juzi redioni bwana mmoja alikuwa akieleza kwamba wageni huleta umaskini. Nilitamani nimpelekee tonge moja asafishie mdomo. Halafu nikakumbuka yangu.

Siku ile mjumbe wa mtaa alikuja na mgambo wawili, wanakusanya wakimbizi wanaoishi mitaani waende kambini. Alikukuta unakoroga sabuni, mwiko mkononi. Akaniuliza, "Huyu ni nani wako?"

Ningesema ni mdogo wangu, katoka kijijini kwetu Kalinzi, angepita zake. Kirundi chako na Kiha changu nani angevitenganisha? Wewe mwenyewe ulikuwa unaningoja niseme. Niliogopa, Spesi. Niliogopa faini ya kuficha mkimbizi, nikaogopa kupoteza bati ambalo wewe ndiye uliyelileta.

"Ananisaidia kazi tu," nikasema.

Ulinipa mwiko. "Koroga, isishike chini," ukaniambia, ukanawa mikono, ukaenda kupanda lori.

Waliotoka kambini walinisimulia kwamba huko hamruhusiwi kulima wala kufanya biashara, mnapanga foleni ya unga na maharage. Mikono kama yako, kwenye foleni! Umaskini uliuondoa nyumbani kwangu, mimi nikakuacha uende kukaa nao.

Bado napika kila Alhamisi. Naweka vigoda viwili, sijui kwa nini, kimoja nakiwekea kuni. Jana sokoni mama mmoja mgeni alinusa tonge, akataka kujua nani kanifundisha.

"Mdogo wangu," nikamjibu. "Katoka Kalinzi."

Jibu lilitoka jepesi kabisa, na hapakuwa na mgambo wa kulisikia.

Ukiwa hai, njoo. Atakayeuliza, nitamjibu hivyo hivyo.

Mimi,
Dada yako