Maharagi ya Mama

Yaya Mwamini,

Huku Bukavu mvua haiishi, jua imejificha, na macho yangu inapumzika. Leo docteur wa macho wa mtaa wa Muhumba aliinua kwenye dirisha zile picha za ubongo zenye walinipiga Nairobi. Anasema ugonjwa wetu na Mama, huu wa kuzaliwa bila duara ya rangi mu jicho, hauishii mu macho. Ndani ya kichwa, pahali pa kusikilia harufu, kwangu iko padogo sana, na kwa wengi wenye macho yetu ni vile.

Akaniuliza: "Maman, saa hii unasikia harufu gani?"

"Hakuna kitu, docteur."

Infirmière, muuguzi wake, akashangaa: "Na samaki sambaza ya jirani inaungua tangu uingie!"

Yaya, pale pale nilielewa. Nilikumbuka Mama na maharagi yake yenye ilikuwa inaungua kila siku, vile wakwe zake walimuita muvivu mpaka tukamuzika. Hakuwa muvivu. Hakusikia harufu ya kuungua.

Zawadi, mutoto wangu mwenye nilikuachia, ana macho ileile. Akiunguza tena sufuria, usimupige, nakuomba. Umuite tu mbele chakula haijaungua, maana mu nyumba yetu pua yenye inasikia harufu iko yako peke yako.

Nakukumbatia wewe na pua hiyo,

Mudogo wako Salima