Jina lenye mama alichoma

Apolline, natoka banki, nimekasirika sana!

Baba alifunguaka compte ya kuweka feza pale mu 1962, tangu vita ya waasi haijaguswa. Banasema warithi balete acte de décès, karatasi ya kifo, na livret yake, kitabu kidogo ya compte, juu registre yabo ya majina ilipoteaka. Tukaleta! Mama yangu aliifichaka mu kitenge miaka yote.

Muntu wa guichet, pale ku dirisha, anaifungua: «Jina iko wapi?»

Jina iko wapi! Apolline, pa jina iko tundu ya moto!

Namuangalia mama. «Miye njo nilichoma. Mu 64 waasi balikuwa na liste ya majina ya bakarani ya kuua, ya baba yako ndani. Bakakamata baba yako na hii livret mu mufuko, jina imekwisha kuungua.»

Ule wa guichet anaturudishia: «Bila jina, huyu muntu hatumujue.»

Mama anamujibu: «Waasi nabo balisema vile vile, bakamuacha aende.»