Homa ya Watoto wa Chuo na Kisima cha Mama

Ole, Pemba,
Ijumaa, 14 Februari 2025.

Mpendwa dada yangu Ummkulthum,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, dada? Goti je, limekubali kusujudu, au bado wasali kitini? Shemeji Jaribu na watoto hawajambo? Siye huku alhamdulillahi, tu wazima, ingawa tumetoka kwenye mtihani. Barua hii nampa jirani yetu Zubeir, anarudi huko Maskati Jumapili. Ningekupigia simu, lakini haya yataka uyasome umekaa.

Wakumbuka mama akifukiza mtungi? Ubani kwenye chetezo, mtungi kaufudikiza juu ya moshi, nasi twagombania nani aonje maji ya kwanza. Siku moja ya Idi uliificha kata ili nisikutangulie. Nililia mpaka baba akaja kunibeba, na weye wacheka nyuma ya mlango!

Kile kisima mama alikichimbisha kwa karafuu zake mwenyewe, akakitia wakfu, mpita njia asipite na kiu mlangoni pake. Tangu afariki, kila asubuhi najaza mtungi maji ya kisima hicho, naufukiza, nauweka barazani. Watoto wa chuo cha Kurani cha Shehe Pandu wakimaliza kusoma hunywa hapo. Nikiwaona wakipokezana kata, roho yangu hutulia, nasema thawabu zinamfikia mama.

Basi mwezi wa Disemba homa ikaingia. Suhaila, mjukuu wangu, alishikwa mwanzo. Tukadhani malaria, kipimo kikakataa. Siku ya tano akawa anaweweseka mchana kweupe. Hospitali wakamtoa damu, wakaitia kwenye vichupa vya kuoteshea vijidudu, tukangoja siku tatu. Ikaonekana ni salmonela, ile ya taifodi, imo ndani ya damu yenyewe. Dawa ya kwanza haikumfaa, vijidudu vishaizoea, wakambadilishia sindano. Leo anakimbia. Lakini mtoto wa Shaame, yule fundi seremala, utumbo ulitoboka, akapasuliwa, na mpaka leo yumo wodini. Kwa jumla walikuwa watoto kumi na mmoja.

Akaja Bwana Fahmi, mtu wa afya anayefuatilia maradhi yanatoka wapi. Ana karatasi kachora nyumba zote, na kila mtoto ambaye damu yake ilionekana na vijidudu kamtilia nukta. Nukta tisa zilikuwa huku kwetu, wanaochota kisimani. Mbili zilikuwa mbali, bondeni, kwenye nyumba zenye bomba. Hizo mbili ndizo zilizomsumbua. Akaacha kuuliza wanalala wapi, akauliza wanakunywa wapi. Kumbe wote wawili wanasoma chuoni.

Akanijia barazani. "Bi Asya, haya maji ya mtungi wayachemsha?"

"Nayafukiza, mwanangu. Kwa ubani wa Maskati, si wa mchezo!"

Akacheka, kisha akaacha. "Bibi, ubani wanukisha maji tu. Hauui kitu."

Dada, nilikaa chini. Miaka yote hiyo nikiamini moshi ule wasafisha, kama tulivyoamini sote. Mkono wangu ndio uliowanywesha.

Maji ya kisima yalipopimwa, yakakutwa na uchafu wa choo. Ni choo cha ndugu yetu Msellem, kile alichokichimba juzijuzi pale juu, hatua kumi na mbili tu toka kisimani. Alipoambiwa akaruka: "Maji haya tumeyanywa miaka hamsini, nani kafa?"

Nikamwambia, "Miaka hamsini choo chako hakikuwepo, Msellem."

Mwisho akakubali kukihamisha choo. Lakini kisima, ambacho Fahmi ataka kifungwe, hakifungwi, asema Msellem, mpaka weye useme. "Mama alimuusia Ummkulthum, hakutuusia siye." Na kweli alikuusia weye, mie nilikuwepo.

Shehe Pandu asema wakfu waweza kuhamishwa: bomba livutwe mpaka chuoni, liwekwe tangi kwa jina la mama, na thawabu hazikatiki. Ila warithi sote watatu turidhie kwa maandishi. Mie nimeshatia sahihi. Msellem atatia akiiona yako.

Mtungi nimeuondoa. Kisima bado ki wazi, na watu wanachota, wengine wakisema nimelishwa maneno na watu wa hospitali. Ramadhani ni wiki mbili zijazo, nyumba ngapi zitafuturu kwa maji yale? Kisha masika, na Fahmi asema mvua ndiyo huusukuma uchafu wa shimo lile mpaka kisimani, hata choo kikihama.

Nakwambia weye tu: nimelia. Kila alfajiri nikisikia ndoo ikigonga ukuta wa kisima, naona kama mama yuko uani. Sina sauti nyingine iliyobaki yake. Lakini nimemwona mama wa yule mtoto wa Shaame akiwa amekaa sakafuni wodini, na siwezi tena kuisikia ndoo ile kwa raha.

Msellem akusalimu, na Suhaila, na Bimkubwa wa nyumba ya pili aliyekuwa akikusuka nywele. Nisalimie shemeji na wanangu wote. Mola akupe siha na umri wa ibada, na amrehemu mama yetu.

Andika mstari mmoja tu wa ridhaa, utie sahihi, uupige picha, Zubeir atautuma. Nakuomba unijibu upesi, dada, kabla mwezi haujaandama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Asya