Lita Moja ya Mama

Jumatatu, mwezi wa Oktoba. Mvua bado, mabati yanawaka tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo haijanitoka tangu jana.

Moyo wa mama umechoka. Ndivyo daktari alivyotueleza: maji yakizidi mwilini, moyo wake hauwezi kuyasukuma. Miguu inavimba, kisha kifua kinajaa, anashindwa kupumua. Mwezi wa nane tulikaribia kumpoteza. Alipotoka hospitali nilipewa amri moja tu, lita moja kwa siku. Na si ya maji peke yake. Chai imo, mchuzi umo, uji umo, hata maji ya kumezea dawa yamo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa mtaani kwetu, Katuba. Lita nimeiandika ubaoni miaka na miaka. Lita moja ni desilita kumi, desilita moja ni mililita mia. Watoto wanaimba, mimi napiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona desilita. Shule haina kipimo chochote, na sokoni lita ni chupa, chupa yoyote ile, ya bia au ya maji ya dukani, mradi muuzaji ameijaza mawese na kuiita lita. Ukimuuliza, anacheka. Zamani nilikuwa nacheka naye.

Sasa nina jagi la plastiki lenye mistari ubavuni. Kila asubuhi nalijaza hadi mstari wa lita, na hiyo ndiyo siku nzima ya mama. Akinywa chai, napunguza jagini kiasi kilekile. Desilita moja ni mafunda machache tu, yanaisha kabla koo halijalowa. Mama yangu alizaliwa kando ya mto Lualaba. Leo anahesabiwa mafunda, na anayehesabu ni mimi.

Analifuata jagi kwa macho popote ninapolipeleka. Mimi mwenyewe nikiwa na kiu naenda kunywa jikoni, mlango nimefunga, kama mwizi.

Jana baada ya misa alikuja yaya Donatien, kaka yetu mkubwa anayekaa Golf, mtaa wa wenye pesa. Alikuja na mama mudogo Astrida, mdogo wake mama, na kreti ya soda, zile sisi huku tunaziita sucré. Mimi nilikuwa uani nawasha mbabula, jiko letu la makaa, nipike bukari, yaani ugali, ya wageni. Niliporudi ndani mama alikuwa anamaliza chupa ya pili, anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu augue.

Nilimnyang'anya glasi mkononi.

"Yaya, munganga alisema litre moya!"

"Litre ya mayi," akanijibu, hata hakuinuka kitini. "Sucré haina mayi. Uache mama afurahi kidogo."

Sucré si maji! Nilitamani kummiminia kichwani nione kama hatalowa. Lakini kabla sijafungua mdomo mama alianza kulia, akamgeukia mdogo wake.

"Unaona, Astrida? Uyu mutoto ananinyimaka mayi. Mayi! Hata mufungwa banamupatia."

Kwetu unaweza kumkosea mzazi kwa mengi na watu bado wakakusalimia. Maji ni kitu kingine. Maji hanyimwi hata mtu usiyemjua akisimama mlangoni. Mama mudogo alinigeukia, akasema, "Mungu iko anakuona, mutoto yangu." Wakaondoka, bukari hawakuigusa. Kabla jua halijazama binamu yetu anayekaa mbali, Kasomeno, alikuwa ameshanipigia simu kuuliza kama ni kweli.

Kweli nini? Kwamba mimi ndiye ninayembadilishia nguo? Hilo hakuna aliyeliuliza.

Inaniuma. Kaka amekuwa mtoto mzuri kwa chupa mbili za soda, mimi nimekuwa mchawi kwa jagi.

Leo asubuhi nilimkuta mama ameketi kitandani, mito mgongoni, anahema. Nilibonyeza mguu wake, kidole kikazama na shimo likabaki. Nilimpigia simu yaya, akaniambia nitangulie hospitali, yeye atatukuta huko. Hakutukuta. Daktari aliongeza dawa ya kutoa maji, akasema turudi nyumbani na leo tumpe nusu lita.

Alilisema hilo mbele ya mama.

Tulirudi nyumbani. Nilimmiminia desilita moja, nikampa kwa mikono miwili kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Hakuipokea. Aliangalia glasi, akaniangalia mimi, akauliza taratibu, bila hasira yoyote:

"Ile siku nitakufa, mutaniosha na ma-litre ngapi?"

Niliweka glasi kwenye stuli nikatoka. Nililia uani, majirani wananiona, sikujali. Niliporudi glasi ilikuwa tupu na mama amegeukia ukuta.

Nusu lita ya leo imeshaisha, na joto hili halina dalili ya kupoa. Ameniita mara mbili nikiwa ninaandika hapa. Anajua nasikia.

Kesho nitajaza jagi tena, hadi mstari nitakaoambiwa. Mtaa useme unavyotaka. Kaka akileta kreti nyingine, nitaimwaga mbele yake, chupa kwa chupa. Na mama akinichukia, basi anichukie, mradi anichukie akiwa hai.