Nani Anawaambia Kona Zetu?

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Kambi ni bweni la chuo — vitanda vya juu na chini, maji yanatoka kwa kubembelezwa. Nimepangwa chumba kimoja na Nesi wa timu. Anakoroma, halafu anakana. Basi, tutavumiliana.

Kombe la Majirani ni nchi nne, wasichana chini ya miaka kumi na saba. Kila timu inacheza na kila timu, mbili za juu zinakutana fainali. Mkuu — namaanisha kocha mkuu, mimi ni msaidizi wake — kanipa kazi ya kona na faulo. Kasema zikiingia sifa zake, zisipoingia lawama zangu. Akacheka peke yake.

Jioni nimewakumbusha wasichana ishara zangu. Taulo begani, kona fupi. Taulo shingoni, nguzo ya karibu. Taulo kiunoni, nguzo ya mbali. Hizi ninazo tangu nacheza mwenyewe, hazijawahi kuniangusha. Wananiita Kocha Taulo. Wanadhani sijui!

Nahodha ni Namba Sita. Mpole, haongei, ila mpira ukimfika mguuni unatulia. Mtu wa shule ya michezo, ile inayosomesha wachezaji bure, atakuja kuangalia fainali, na kila mtu anajua anamjia nani. Baba mtu keshasema: shule ikikuchukua, cheza; isipokuchukua, mpira basi, utakaa dukani na kaka zako. Nampenda yule mtoto.

Ila mama yake katokea ng'ambo ya mto, kwa hao majirani tutakaocheza nao Alhamisi. Naandika tu.

Jumanne, 5 Agosti

TATU BILA! Na mbili za kona! Nilicheza pale kando ya uwanja mpaka goti likalia. Mkuu kahojiwa na redio, kaeleza "mbinu zake" kwa kirefu. Sawa, baba. Mwenyewe najua.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefungwa mbili bila na wale wa ng'ambo ya mto. Kufungwa siyo kunakoniuma. Walijua!

Naitisha kona fupi — mabeki wao wawili washafika, wamesimama kama wanapokea wageni. Naitisha nguzo ya karibu — kipa wao yupo hapo hapo, anasubiri mpira utue mikononi. Nguzo ya mbali, hali kadhalika. Kona zote! Hata mchawi hukosea mara moja moja.

Mkuu kaniuliza mbele ya watoto, "Kocha, kona zako zimeuzwa au zimekodishwa?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya mechi Mzee Kipara kanifuata. Huyu ndiye aliyenifundisha nilipokwenda kucheza kwao misimu miwili, enzi za usichana wangu. Siku hizi anakaa benchi lao kama mshauri. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, mkono wangu hauachii. "Mwanangu, hujabadilika hata kidogo!" Kwa kilo hizi nilizoongeza? Mzee mwongo. Na alikuwa anacheka kwa meno yote. Mtu akicheka vile kuna jambo.

Nesi anasema labda wale watoto wanacheza vizuri tu. Labda! Huyu naye kazi yake ni bandeji, abaki na bandeji.

Kuna mtu anawaambia. Mtu wa humu humu ndani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefunga geti la mazoezi. Nimemtoa hata mchoma mahindi wa watu. Nilianza na dereva wetu, maana haachi simu sikioni na ukimkaribia anashusha sauti. Nikajibanza nyuma ya basi nimsikilize. Kumbe anamwomba mkewe msamaha! "Nisamehe mama, sirudii tena," kama mtoto wa chekechea. Nimeondoka kwa kunyata na aibu yangu.

Lakini saa kumi jioni nikaona la kuona. Nyuma ya bafu za nje, penye uzio uliotoboka. Namba Sita kapiga magoti, anapenyeza kitu kwenye mfuko wa plastiki. Upande wa pili mkono ukapokea. Msichana wa rika lake, kavaa suti ya mazoezi ya timu ya ng'ambo ya mto! Wakanong'ona, wakacheka, wakagusana vidole kupitia tundu.

Nilisimama pale na ndoo yangu ya maji. Kikulacho ki nguoni mwako. Nahodha!

Sijamwambia mtu bado. Nataka kuwa na uhakika. Mimi si mtu wa kukurupuka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata uhakika.

Leo tulicheza na timu ya tatu. Kona nimezipanga asubuhi na wapigaji peke yao, mlangoni kwa chumba changu. Namba Sita sikumwambia chochote. Nikamwambia, "Wewe leo baki katikati, ukabe." Akasema, "Sawa, Kocha." Hakuuliza kwa nini. Asiye na hatia angeuliza!

Na kona ikaingia. Taulo begani, fupi, krosi, kichwa, wavu! Tumeshinda moja bila, tuko fainali. Tunakutana tena na nani? Wale wale wa ng'ambo ya mto.

Akijua, tunafungwa. Asipojua, tunafunga. Ushahidi gani tena watu wanataka?

Nimemweleza Nesi. Kakunja soksi zake kwanza. Halafu kasema, "Shoga, mtoto wa watu huyo. Muulize kwanza mwenyewe." Nikamwambia mwizi haulizwi kama kaiba. Akazima taa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Mkuu. Nimemwambia yote, uzio, mfuko, vidole. Kapandwa na hasira papo hapo, akamwita mtoto ofisini kwa mlinzi wa bweni, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Namba Sita hakukataa. Kasema yule ni ndugu yake, mtoto wa mama yake mdogo, anachezea timu ile. Kasema njumu za huyo ndugu yake zimeachia soli, kwa hiyo kampa zake za akiba. Miguu yao saizi moja.

Mkuu akauliza, "Adui unampa viatu?"

"Siyo adui, Mkuu. Ni ndugu yangu."

"Na kona unampa bure?"

Hapo ndipo akanigeukia mimi. "Kocha, mimi kona sijasema. Nakuapia. Kocha?"

Nikaangalia sakafu. Viatu! Hadithi nzuri. Nani anampa mpinzani viatu siku chache kabla ya fainali? Watoto wa siku hizi uongo wanauandaa na mboga yake kabisa.

Mkuu kamvua kitambaa cha unahodha, na kesho arudi kwao. Mtoto hakulia mbele yetu. Alikwenda kulia bafuni, tulimsikia bweni zima. Namba Mbili, rafiki yake wa kitanda cha chini, kakaa mlangoni kwa bafu mpaka alipotoka.

Nimefanya kazi yangu. Mbona chakula hakipiti?

Jumatatu, 11 Agosti

Baba yake kamfuata asubuhi. Mwanamume mfupi, kavaa koti la heshima, labda alilitayarisha kwa ajili ya fainali. Hakugomba. Kamuuliza Mkuu swali moja: mtu wa shule ya michezo keshaambiwa? Mkuu akasema ataambiwa. Basi yule baba akabeba begi la mwanawe akatangulia.

Namba Sita alipita mbele yangu. "Shikamoo, Kocha."

Sikuitikia. Nimefundisha watoto miaka yote hii, sijawahi kuacha shikamoo ya mtoto hewani. Leo nimeiacha.

Mchana nimebadilisha kila kitu. Wapigaji wapya, wakimbiaji wapya, wa nyuma nimemleta mbele. Ishara tu ndizo nimeziacha, wasichana wasije wakachanganyikiwa dakika za mwisho. Sasa waje! Hawana tena mtu wa kuwaambia.

Nesi haongei na mimi. Nimemwomba dawa ya kichwa, kaiweka mezani kama ananilipa deni.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Radi imepiga karibu na uwanja, refa kasimamisha mechi, mvua inatwanga bati mpaka husikii la mwenzako. Wasichana wanadhani naandika mbinu.

Tumefungwa moja. Lakini si hilo. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Kona ya kwanza. Taulo begani. Mabeki wao wawili wakakimbia pembeni mpigaji wetu hata hajauweka mpira chini! Nikasema haiwezekani. Mpigaji mpya. Mpango wa jana mchana. Namba Sita yuko kwao!

Kona ya pili. Nikaweka taulo shingoni, na safari hii sikuangalia uwanja. Niliangalia benchi lao.

Mzee Kipara kakaa kiti cha mwisho, mwavuli kaufunga katikati ya magoti. Akajishika shingo. Polepole, kama anajikuna. Kipa wao akamtazama, akasogea nguzo ya karibu.

Kona ya tatu, kiunoni. Akajipiga kiuno. Hajifichi hata kidogo! Ajifiche ya nini? Ni zake! Yeye ndiye aliyenifundisha taulo, mimi na wasichana wenzangu, kule kwao, uwanja wa vumbi, analizungusha begani anasema fupi, fupi, fupi, mpaka tunaota usiku. Nimezibeba miaka yote kama za kwangu. Nimesahau kabisa nani alinipa. Na nimekwenda kuzipeperusha mbele ya macho yake!

Hujabadilika hata kidogo. Alikuwa ananiambia, mzee wa watu. Ananitania kwa uwazi kabisa, na mimi nawaza kilo.

Timu zile nyingine hazikujua, ndiyo maana kona ziliingia. Hawa walijua tangu Alhamisi. Hakuna aliyewaambia. Niliwaambia mimi.

Halafu bao. Msichana wao mwembamba kachukua mpira katikati, kapita wawili, kapiga chini kwa chini. Pale katikati ndipo mahali pa Namba Sita. Leo tumemweka mtoto ambaye hajawahi kuanza mechi, maskini, kabaki anageuka geuka. Mfungaji akaja kushangilia karibu na benchi letu, akateleza, akaanguka mbele yangu. Nikaziona njumu. Kamba moja nyekundu, moja nyeupe. Namba Sita alipoteza kamba moja wiki ya kwanza ya mazoezi, nikampa nyekundu kutoka begi langu mwenyewe. Nilimfungia kwa mikono hii.

Yule binti akasimama, akapangusa tope, akaniangalia. "Shikamoo, Kocha. Dada yangu yuko wapi? Mbona simwoni?"

Nikainama kuokota chupa za maji. Mtu wa shule ya michezo pia kamuuliza Mkuu wakati tunakimbilia ndani: yule wenu wa namba sita, mgonjwa? Mkuu akasema ana utovu wa nidhamu. Yule bwana akatikisa kichwa, akaandika kitu.

Ningesema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikafikiria Mkuu atakavyonitangaza, redio, kona zimeuzwa na msaidizi mwenyewe. Nikafikiria kwamba benchi la taifa sitalikalia tena. Nikaufunga. Mungu wangu, nikaufunga!

Nesi ananiangalia toka kule kwenye sanduku lake la barafu. Sijui kaona nini usoni kwangu.

Mvua inapungua. Mkuu anatembea huku na huku, viatu vinapiga maji. Anapiga kelele kwamba bado yupo, msaliti bado yupo, tulimtoa mmoja, kumbe walikuwa wawili. Anataka kujua nani alikuwa karibu sana na Namba Sita. Wasichana wanatazamana. Tangu waje hapa sijawaona wakitazamana hivyo. Mmoja keshasogea mbali kidogo na mwenzake kwenye benchi.

Anamwita Namba Mbili. Kwamba yeye ndiye aliyelala kitanda cha chini. Kwamba yeye ndiye aliyekaa mlangoni kwa bafu.

Mtoto kasimama. Haangalii Mkuu, ananiangalia mimi. "Kocha, mimi sijasema kitu. Kocha?"

Sauti ile ile. Swali lile lile.

Mkuu anamwambia avue jezi. Refa anagonga mlango, anasema dakika mbili. Namba Mbili ameshika pindo la jezi na havui, anasubiri mimi niseme neno, na taulo bado ninalo shingoni. Naweka kalamu chini.