Mkwe Niliyemdharau Kanifundisha Kupanga Kurasa

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nina furaha ambayo hainishuki kooni. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ya maji, mwaka wa kumi na tisa huu, na ofisini wananiita Mama Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyokaa vibaya inayonipita, lakini leo nakutobolea siri, miaka yote hiyo sikujua kwamba kompyuta inaweza kuweka namba za kurasa yenyewe. Nilikuwa naziandika mwenyewe, ukurasa hadi ukurasa, jina la ripoti juu, namba chini, na meneja akiongeza aya moja tu, basi "Ukurasa wa 3" unateremka na kwenda kukaa katikati ya sentensi ya ukurasa wa nne, nami naanza upya, huku wenzangu wakisema nina bidii kuliko wote.

Mwezi uliopita akaja meneja mpya, mama mmoja asiyerudia maneno. Aliniwekea mezani ripoti ya kurasa mia moja sitini na nne, iliyokwisha kurudishwa na bodi mara mbili kwa fujo ya kurasa, akasema, "Jalada lisiwe na namba, utangulizi uwe na namba za Kirumi, sura ya kwanza ianze na moja, na kila sura iwe na jina lake juu. Heda na futa zikae sawa. Nakupa siku nne."

Niliposikia "futa" nikauliza, "Nifute kipi, bosi?" Akadhani natania, akacheka, akaenda zake. Mimi sikucheka.

Siku mbili nilihangaika, maana aliyeichapa ripoti hii mwanzoni aliiwekea namba za kompyuta yenyewe. Nikiondoa namba ya jalada, zinaondoka zote. Nikiandika jina la sura ya pili juu, linatokea hadi sura ya kwanza. Siku ya tatu nikaomba ruhusa, nikaitia ripoti kwenye flashi, nikaenda kwa mtu ambaye sikutaka kabisa kumwendea, yaani mke wa mwanangu wa pili, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi nyuma ya stendi ya mabasi. Shangazi, huyu binti nilimkataa. Kwenye kikao cha kupanga harusi nilisema mbele ya wakubwa wa pande zote mbili kwamba sikumsomesha mwanangu ili aoe mtu wa kubonyezabonyeza vya watu kibandani, na yeye alikuwa chumba cha pili, alisikia kila neno.

Alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu mama, keti hapa penye feni." Akawaomba wateja wasubiri. Hakunipokonya kipanya hata mara moja, kila kitu nilifanya kwa mkono wangu. "Ripoti yako yote ni kipande kimoja, mama, ndiyo maana ukigusa huku kunabadilika kule. Tuikate." Akanionyesha kuweka mkato mwisho wa jalada, mwingine mwisho wa utangulizi, na mmoja kila sura inapoishia, kisha nibonyeze mara mbili pale juu ya ukurasa, nizime kile kitufe kinachoilazimisha sehemu hii ifuate iliyotangulia, "hiyo ya juu ndiyo heda, na chini pia, kwenye futa, uzime, mama, juu na chini kila kimoja kina chake." Mwisho nikachagua aina ya namba za kila sehemu na zianzie wapi. Nilipoona utangulizi una i, ii, iii, na sura ya kwanza imeanza na 1, nilipiga kigelegele mle dukani, wateja wakageuka.

Bodi imeipitisha! Mkurugenzi aliiinua ripoti mkutanoni akauliza, "Nani kaifanya hii?" Nikasimama. "Ni mimi." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na papo hapo nikapewa kazi ya kuwafundisha makatibu muhtasi kumi na wawili Ijumaa hii. Sikumtaja mkwe wangu. Jioni akanipigia simu mwenyewe: "Hongera mama, nimesikia kwa mwanao." Tangu hapo sili nikashiba. Nikisema ukweli, ofisi itajua nimewadanganya miaka kumi na tisa. Nisiposema, nitamtazamaje usoni?

Mama Nukta

*

Marahaba, Mama Nukta.

Kwanza pokea pongezi, na sizitoi ili kukupoza. Kuketi mbele ya mtu uliyemtukana na kumwambia "sijui, nifundishe" kunataka moyo, na wewe unao.

Sasa nikuseme. Hukumwibia mtu kitu, ulifanya kazi kwa njia ngumu, basi. Na hao kumi na wawili, unadhani wote wanajua? Yupo anayeandika namba kwa mkono wakati huu huu huku akikuogopa wewe. Makosa yako ni mawili, nayo ni ya mdomo: kwenye kikao ulisema pasipostahili, na mkutanoni ukanyamaza ulipopaswa kusema.

Leo hii, usingoje kesho, nenda nyumbani kwake, mwanao akiwepo, umwombe radhi kwa kinywa chako. Usitume mtu, na usizunguke na "kama nilikukwaza". Ulimkwaza. Kesho asubuhi ingia kwa meneja umwambie utakuwa na mwalimu mwenzako, na useme ni nani. Ijumaa fungua ripoti yako mojawapo ya zamani mbele ya wote, ongeza mstari mmoja, waone namba zinavyoteremka. Wakicheka, cheka nao, kisha mpishe mkweo mbele.

Shangazi

*

Jumatatu iliyofuata tulipokea ujumbe huu:

Shangazi, nilikwenda. Alitaka kuninyamazisha kwa heshima, nikamwambia, "Niache nimalize, mwanangu," nikamaliza. Tulilia wote, halafu tukapanga somo. Ijumaa nikaongeza ule mstari mmoja, namba zikavurugika, wakacheka, mara katibu wa masjala, mkali kuliko wote, akainua mkono: "Hata mimi naandika kwa mkono." Wakafuata watano! Mkwe wangu akafundisha kwa saa mbili bila kutazama karatasi, na kufika mchana kila mmoja alikuwa na jalada lisilo na namba na sura zenye majina juu. Mkurugenzi akachungulia mlangoni, akauliza mwalimu huyu hodari katoka chuo gani. Nilimjibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: "Katoka kwangu."