Laini Moja, Salamu Nyingi

Mjukuu wangu Subira,

Hapa Woolwich hatujambo. Goti la babu yako limetulia, jana kaenda sokoni mwenyewe akarudi na mihogo. Umeniuliza umwambieje shangazi yako apunguze zile picha za "asubuhi njema" kwenye grupu bila kumuudhi.

Zamani nasi tulikuwa na grupu. Kijana mmoja wa Hayes, hapa hapa London, aliunganisha kompyuta yake na simu, nasi tukaipigia kwa kompyuta zetu, tukasoma na kuacha ujumbe. Laini ilikuwa moja. Akiingia mmoja, wengine wanasubiri. Babu yako akiingia, anamsalimia kila mtu kwa jina, na mama zao, na wakwe zao. Siku moja dada mmoja muuguzi alikuwa na habari ya msiba. Akapiga weee, laini inatumika tu; babu yako bado yuko kwenye wakwe.

Kijana hakumsema mtu. Kesho yake tulipoingia, maneno ya kwanza yalikuwa: "Sote hatujambo, na nyumbani wanakusalimu. Andika, kisha mpishe mwenzio."

Babu yako alifurahi kweli. "Afadhali wameambiwa," akasema. "Kuna watu wanang'ang'ania laini!" Tangu hapo akawa anaandika mistari miwili tu, ili awe mfano kwao.

Mpaka leo hajui. Na huyo mwanangu, shangazi yako, ni mtoto wa baba yake kabisa.

Bibi yako